Kinamasi ni Akiba ya Mkulima

Somo kwa Wakulima na Wafugaji wa Malindi na Kilifi

Wakulima wengi wakitembea katika mashamba yao na kufika mahali penye tope, matete na vyura, husema, "Hapa ni mahali pa bure, hapafai kitu." Mwaka ukiwa mzuri hupaacha. Mwaka ukiwa mbaya huchukua jembe, huchimba mfereji wa kutoa maji, huchoma matete, na kupanda mahindi au mpunga. Mwaka wa kwanza huvuna vizuri. Mwaka wa pili huvuna kidogo. Mwaka wa tatu huketi akiutazama udongo uliopasuka, na ng'ombe wake hawana budi kwenda mbali kutafuta maji.

Katika somo la leo twataka kueleza kwa nini mahali hapo si pa bure, ni kazi gani pafanyayo, na jinsi mkulima au mfugaji awezavyo kupatunza bila ya watoto wake kulala njaa. Maana somo lisilojali njaa ya mtu halina faida kwa mtu huyo.

KINAMASI NI NINI?

Kinamasi ni ardhi ikaayo na maji mwaka mzima, au sehemu ya mwaka tu. Siku hizi wataalamu huita ardhi ya namna hii ardhioevu. Katika nchi yetu ya pwani ziko za namna nyingi. Yako maziwa madogo ya mvua katika Magarini, ambayo hujaa mvua zikinyesha na kukauka jua likiwa kali. Ziko kingo za mto Sabaki, na mdomo wa mto huo kaskazini ya mji wa Malindi. Tena liko hori la Mida, karibu na Watamu, ambako maji ya bahari huingia na kutoka kati ya mikoko.

Katika hizo zote, maziwa ya mvua ndiyo yadharauliwayo zaidi. Mtu akipita wakati wa jua kali haoni maji, huona majani makavu na nyufa. Lakini ghala tupu mwezi wa Februari haiachi kuwa ghala, hungojea mavuno. Vivyo hivyo kinamasi kikavu hungojea mvua.

KAZI ZA KINAMASI

Kazi ya kwanza ni kuweka maji. Mvua ikinyesha juu ya ardhi tupu, maji hukimbia, na siku ya pili hayapo. Lakini yakifika penye matete na ndago, mwendo wake hupungua. Mengine hukaa juu ya udongo mzito ulio chini, mengine hupenya polepole ardhini. Ndiyo sababu mara nyingi kisima kilicho karibu na kinamasi huchelewa kukauka.

Kazi ya pili ni kuchuja. Maji yaendayo kasi hubeba udongo. Maji yaendayo polepole huuacha. Mizizi na majani ya kinamasi hufanya kazi ile ile aifanyayo mama achujapo tui kwa kifumbu: kizito hubaki, chepesi hupita.

Kazi ya tatu ni malisho. Nyasi za mlimani zikiisha kukauka, nyasi za pembeni mwa kinamasi hubaki mbichi kwa majuma mengi. Katika ukame ulioishika Kilifi mwaka wa 2021 na 2022, hasa pande za Ganze na Magarini, mifugo mingi ilikufa. Mfugaji aliyepitia siku zile hahitaji kufundishwa thamani ya majani mabichi.

Kazi ya nne ni kutoa vitu vya nyumbani: nyasi za kuezekea, majani ya kusukia mikeka na vikapu, samaki kama kambare, na miti ya dawa. Na kazi ya tano ni kuwapa wanyama na ndege mahali pa kunywa, pa kujificha na pa kuzaa. Kazi hiyo ya tano tutaieleza mbele kidogo, maana ina habari ya ajabu iliyotokea hapa kwetu.

MFANO WA NDUGU WAWILI

Tuseme kwamba ndugu wawili wamerithi shamba kwa baba yao, na katikati ya shamba pana kinamasi. Wakakigawa nusu kwa nusu. Mdogo akataka kuchimba mfereji.

"Kaka," akasema, "nina watoto sita. Matete hayaliwi."

"Ni kweli mdogo wangu, matete hayaliwi," akajibu kaka yake. "Lakini maji yakiisha utawanywesha nini hao watoto sita?"

"Nitachota upande wako."

Yule kaka akacheka, akasema, "Kinamasi ni kimoja. Ukitoboa mtungi upande wako, mimi nitabaki na maji gani?"

Mfano huu ni wa kubuni, lakini jambo lenyewe hutokea kila mwaka. Maji hayajui mpaka wa shamba. Mfereji wa mtu mmoja hukausha malisho ya watu kumi. Kwa hiyo utunzaji wa kinamasi hauwi shauri la mtu mmoja. Ni shauri la majirani wote kukaa pamoja na kupatana.

NDEGE ALIYEFICHA KIOTA MIAKA 100

Kaskazini ya mto Sabaki, katika Magarini, iko nchi ya miti iitwayo Dakatcha. Humo mna miti ya mirihi, na kati ya miti hiyo mna mashamba ya watu, vijiji, njia za mifugo na maziwa ya mvua. Kusini yake, kati ya Malindi na Kilifi, uko msitu mkubwa wa Arabuko-Sokoke, wenye eneo la kilomita za mraba 420 hivi, ambao umewekwa chini ya ulinzi wa Serikali tangu nusu ya kwanza ya karne ya 20.

Katika misitu hiyo miwili, wala si mahali pengine po pote duniani, huishi ndege mmoja wa jamaa ya kwera, wale wasukao viota. Dume ni mweusi juu na manjano chini. Wataalamu humwita kwera wa Clarke, na jina lake la kitaalamu alilipewa mwaka wa 1913. Ndege hawa huenda kwa makundi yenye kelele juu ya mirihi, wakitafuta wadudu. Kisha kila mwaka, wakati wa kuzaa ukifika, walikuwa wakitoweka katika Arabuko-Sokoke. Wataalamu walitafuta viota vyao juu ya miti kwa miaka mingi wasivione.

Mnamo mwaka wa 2013, yaani miaka 100 tangu ndege huyo kupewa jina, siri ilifunuliwa. Watazamaji wa ndege pamoja na wenyeji wa Dakatcha walivikuta viota. Havikuwa juu ya mirihi hata kidogo. Vilikuwa vimesukwa katika ndago zilizoota majini, ndani ya ziwa la mvua, pahali ambapo mtu wa haraka angepaita mahali pa bure.

Msomaji na afikiri vema juu ya jambo hili. Serikali ililinda msitu kwa miaka mingi, na ikafanya vema. Lakini kitanda cha kuzalia cha ndege huyo hakikuwa ndani ya msitu wa Serikali. Kilikuwa katika nchi ya wakulima na wafugaji. Laiti mtu mmoja angalikauka moyo akachimba mfereji katika mwaka mmoja wa njaa, labda ndege hao wangalipotea kabla ya mtu kujua walikozaa. Hata leo kwera huyu amo katika hesabu ya ndege walio hatarini kuisha duniani, na miti ya Dakatcha inakatwa kwa ajili ya makaa na kufyekwa kwa mashamba ya mananasi.

Wenyeji wa huko wamejiunga katika kikundi chao cha kuhifadhi Dakatcha, wakishirikiana na vyama kama Nature Kenya na A Rocha Kenya. Na sehemu nyingine za ardhi zimenunuliwa ili zihifadhiwe. Lakini ardhi yote haiwezi kununuliwa. Mlinzi wa sehemu iliyo kubwa ni yule mwenye jembe, na yule mwenye fimbo ya kuchungia.

SHAMBA LIENDALO BAHARINI

Sasa na tushuke mpaka mto Sabaki. Mto huu huanza mbali, katika nchi ya juu karibu na Nairobi, ukiitwa Athi. Ukiisha kupokea maji ya mto Tsavo huitwa Galana, na ukikaribia bahari huitwa Sabaki. Mvua zikinyesha, maji yake huwa mekundu. Wekundu ule ni udongo wa mashamba na wa malisho yaliyokanyagwa kupita kiasi. Kila ndoo ya maji yale ina kijiko cha shamba la mtu fulani.

Udongo huo hufika baharini, na upepo wa kaskazi ukivuma husukumwa kuelekea Malindi. Ufuo wa Malindi umepanuka kwa mchanga na tope la mto huo. Matumbawe, ambayo ni nyumba ya samaki, hayapendi tope. Hufunikwa yakakosa mwanga. Hivyo mkulima alimaye ukingoni huweza kumpunguzia kitoweo mvuvi asiyemjua.

Tena, mto usio na majani kingoni hula mashamba yenyewe. Mwaka wa 2018, na tena mwishoni mwa mwaka wa 2023, Sabaki ilifurika katika Magarini, na watu wengi walihama makwao. Mafuriko hayana sababu moja tu, na mvua ya miaka ile ilikuwa kubwa mno. Lakini ukingo wenye matete na miti hushikana. Ukingo uliolimwa mpaka majini humong'onyoka.

YAMPASAYO MKULIMA

1. Usilime mpaka ukingoni. Acha ukanda wa majani na miti ya asili kati ya shamba na maji. Kanuni za Kenya zasema ukanda huo katika kingo za mito usipungue meta 6, na huweza kufika meta 30, kwa kupima tangu maji yafikapo wakati wa mafuriko.

2. Lima kwa kukingama mteremko, si kwa kuufuata. Fanya matuta, na juu ya matuta panda majani ya kushika udongo, kama majani ya tembo, ambayo pia ni chakula cha ng'ombe. Anayepanda mananasi azingatie hili hasa, maana kati ya mistari yake udongo hubaki wazi.

3. Usichome matete. Ukihitaji nyasi za kuezekea, kata sehemu moja mwaka huu na nyingine mwaka ujao, na usikate ndago wakati ndege wamo viotani.

4. Usioshe bomba la kunyunyizia dawa ndani ya maji, wala usitupe makopo yake humo. Dawa iuayo mdudu huua samaki pia, na hurudi katika kikombe chako.

5. Panda miti yako mwenyewe ya kujengea na ya kuni. Wakulima wengi wa Kilifi wamefanikiwa kwa mivinje, nayo huuzwa kwa boriti na fito. Kila mvinje ukatwao shambani ni mrihi mmoja au mkoko mmoja uliopona. Lakini usipande mikalitusi karibu na kinamasi, kwa kuwa hunywa maji mengi.

YAMPASAYO MFUGAJI

1. Usiwaache ng'ombe wote waingie majini kila siku. Kwato hukoroga tope, hukanyaga viota, na kinyesi huharibu maji ya kunywa. Zungushia boma la miiba sehemu kubwa ya kinamasi, acha mlango mmoja wenye mawe, au vuta maji mpaka birika la kunyweshea lililo mbali kidogo na ukingo.

2. Gawa malisho kwa zamu. Malisho ya pembeni mwa kinamasi yawekwe kwa ajili ya miezi ya ukame, kama vile mtu awekavyo mbegu. Wenye ranchi na wenye mifugo michache wapatane siku ya kufungua na siku ya kufunga.

3. Usikate miti mikubwa ya kivuli ili upate malisho zaidi. Nyasi za kivulini huchelewa kukauka.

4. Waachie wanyama wa mwitu njia yao. Kiboko wa Sabaki hutoka majini usiku, naye hupenda kurudi kwa njia ile ile. Ukipanda mahindi juu ya njia yake, usishangae akiyala.

HOJA ZA WANAOBISHA

Wengine husema, "Kinamasi huzaa mbu." Ni kweli kwamba mbu wako, na kila mtu alale katika chandarua. Lakini mbu wengi waenezao malaria hupenda vidimbwi vidogo vilivyo wazi juani, kama nyayo za ng'ombe, mashimo ya kuchimbia udongo na njia za magurudumu. Kinamasi kizima kina samaki, vyura na kerengende walao mbu na watoto wa mbu. Kikiharibiwa, walaji hao hufa, lakini vidimbwi hubaki.

Wengine husema, "Wanyama ni wa Serikali, mimi nitapata nini?" Hoja hii si ya kudharauliwa, maana mtu aliyeliwa mazao yake usiku mmoja ana haki ya kulalamika. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka wa 2013 imeweka njia ya kudai fidia; mtu atoe habari mapema katika ofisi ya wanyamapori iliyo karibu, wala asichukue mkuki. Sheria hiyo pia huwaruhusu wenye ardhi kuanzisha hifadhi zao wenyewe, na kupata faida yake.

Tena tunayo mifano karibu nasi. Mapema katika miaka ya 1990, wengi waliokaa kando ya Arabuko-Sokoke walitaka msitu ukatwe wapate mashamba. Mwaka wa 1993 ulianzishwa mradi wa Kipepeo huko Gede. Wakulima walifundishwa kulisha viwavi wa vipepeo kwa majani ya miti ya msitu, na kuviuza vifuko vyao kabla ya vipepeo kutoka, vikapelekwa katika nyumba za maonyesho za Ulaya na Marekani. Asali nayo ikauzwa. Mtu apataye fedha kwa jani la mti hana haraka ya kuukata mti wenyewe.

Katika hori la Mida, ambako mna mikoko, michu, mikandaa na milalana, wageni hulipa ili kupita juu ya daraja la mbao kati ya miti na kuwatazama ndege wahamao, ambao wengine huja kutoka Ulaya na Asia kukaa nasi miezi ya baridi ya kwao. Kwa fedha za namna hiyo, mpango uitwao ASSETS umewasaidia watoto wa jamaa wakaao kando ya msitu na hori kulipiwa karo ya shule za sekondari. Twakiri kwamba fedha hizo hazimfikii kila mtu, na ndiyo sababu majirani wanapaswa kusimamia miradi yao wenyewe na kuuliza hesabu.

SHERIA YASEMAJE?

Kwa Sheria ya Mazingira ya mwaka wa 1999, si halali kutoa maji katika kinamasi wala kukijaza udongo bila ya kibali cha NEMA, hata kama kimo katika shamba lako. Kenya pia imo katika mapatano ya mataifa yaliyofanywa katika mji wa Ramsar, nchi ya Iran, tarehe 2 Februari, 1971. Jirani yetu wa kaskazini, yaani mdomo wa mto Tana, uliingizwa katika orodha ya mapatano hayo mwaka wa 2012. Lakini askari hawezi kukaa penye kila ziwa la mvua. Sheria bora ni ile ambayo majirani wameielewa na kuikubali.

MWISHO

Wahenga walisema, Akiba haiozi. Mtu mwenye busara hauzi mbegu zake zote kwa kuwa ana njaa leo. Kinamasi ni mbegu ya maji. Kabla ya kuchimba mfereji, nenda kwanza kwa Bwana Shamba wako, umwonyeshe mahali penyewe, mshauriane ni sehemu gani ilimwe na ipi iachwe. Na mvua zijazo, nenda asubuhi ukasimame kando ya ndago, usikilize. Huenda ukasikia kelele za kwera wakisuka.

MASWALI YA KUJIBU

Wazazi, walimu na wakuu wa vikundi waweza kuyatumia maswali haya katika mazungumzo.

1. Kwa nini ziwa la mvua lililokauka lisihesabiwe kuwa mahali pa bure?
2. Taja kazi tano za kinamasi.
3. Viota vya kwera wa Clarke vilionekana wapi mwaka wa 2013, na hilo latufundisha nini juu ya nani aliye mlinzi?
4. Mkulima wa ukingoni mwa Sabaki aweza kumdhuru mvuvi wa Malindi kwa njia gani?
5. Katika kijiji chako kuna kinamasi gani? Ni nani wakitumiao, na wamepatana nini?